Kuizuru U-505 mjini Chicago: mwongozo kamili wa kuingia ndani ya nyambizi ya vita

Wageni wengi wanaofika kwenye jumba la makumbusho la Griffin Museum of Science and Industry, Chicago, hununua tiketi ya nyambizi, hukimbilia mlangoni, hupitishwa ndani kwa muda usiozidi nusu saa, kisha hutoka wakisema "kumbe ni padogo hivi!" na ziara imeishia hapo. Inasikitisha, kwa sababu U-505 ni kati ya nyambizi chache sana za Ujerumani za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia zilizobaki nzima, na yaliyotokea ndani yake yamehifadhiwa kwa undani wa ajabu. Tatizo ni kwamba nyambizi haijielezi. Ukiingia bila maandalizi utaona mabomba, valvu na saa za mishale, basi. Ukiingia unajua nani alisimama wapi na siku gani, kila hatua ina jambo la kukuonyesha. Mwongozo huu ni wa kukufikisha hapo.

Kwanza, jua unakwenda kuona nini

Nyambizi hii ni ya aina ya IXC. Ilijengwa Hamburg na ikaanza kazi Agosti 1941. Ina urefu wa mita 76 na ushei, na matundu sita ya kurushia torpedo, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji, manne mbele na mawili nyuma. Katika maisha yake ilizamisha meli nane.

Tarehe 4 Juni 1944, siku mbili kabla ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, ilinaswa baharini upande wa magharibi mwa Afrika, mbali kidogo na Rasi Blanco. Kikosi kilichoinasa kilikuwa cha Marekani, chini ya Kapteni Daniel Gallery aliyekuwa kwenye manowari ya kubeba ndege USS Guadalcanal. Kabla ya hapo, mara ya mwisho kwa Jeshi la Wanamaji la Marekani kuiteka manowari ya adui katikati ya bahari ilikuwa 1815. Katika mabaharia 59 wa Kijerumani, 58 waliokolewa wakawa mateka na mmoja aliuawa.

Ukiwa Mwafrika, usiingie ukidhani hii ni hadithi ya Wazungu peke yao. Safari mojawapo ya kivita ya U-505 mwaka 1942 ilikuwa katika maji ya Freetown, Afrika Magharibi. Huko, mwezi Aprili, iliipiga torpedo meli ya mizigo ya Marekani West Irmo iliyokuwa imewabeba makuli wa Kiafrika wa kupakia na kupakua mizigo. Waliokufa walikuwa kumi, na wote walikuwa makuli hao.

Na sisi wa pwani ya mashariki tuna msiba wetu. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya kubeba askari Khedive Ismail, iliyokuwa imeng'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu na watu wapatao 1,300, wengi wao wakiwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Wengi wa vijana hao hawana kaburi. Majina yao yako kwenye mnara wa kumbukumbu ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Nalisema hili mapema kwa sababu linabadilisha namna utakavyoitazama torpedo ukisimama mbele yake.

Tiketi

Kuna mambo mawili yanayowachanganya watu. Ukumbi wa maonyesho, ambamo nyambizi imewekwa, unaingia kwa tiketi ya kawaida ya makumbusho. Kuingia *ndani* ya nyambizi yenyewe ni ziara ya kuongozwa, yenye tiketi ya ziada na saa maalumu. Nafasi ni chache, kwani kundi moja haliwezi kuwa kubwa ndani ya chombo chembamba vile, na siku za likizo za shule zinaisha mapema. Nunua zote mbili mtandaoni kwa pamoja, kabla ya kutoka nyumbani.

Saa ya kuchagua ndiyo siri yenyewe. Usichague ziara ya mara tu milango inapofunguliwa. Jipe angalau saa moja na nusu ukumbini kwanza, ndipo uingie ndani. Ukifika saa nne asubuhi, tiketi ya saa sita mchana inakutosha vizuri.

Mkazi wa jimbo la Illinois ana siku maalumu za kuingia makumbusho bure. Beba kitambulisho kinachoonyesha anwani yako. Tarehe hubadilika kila mwaka, zitazame kwenye tovuti yao, na ujue kwamba ziara ya ndani ya nyambizi hulipiwa peke yake.

Kufika

Jumba liko upande wa kusini wa jiji, Jackson Park, kando ya Ziwa Michigan. Jengo lenyewe ni masalia ya maonyesho makubwa ya dunia ya 1893. Treni ya Metra Electric kutoka katikati ya jiji inakushusha kituo cha 55th-56th-57th Street, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu kuelekea ziwani. Kwa basi, namba 6 inatoka katikati ya jiji, na namba 55 inaunganisha na vituo vya Garfield vya treni za mistari ya kijani na nyekundu. Mwenye gari ataegesha chini ya ardhi kwa malipo.

Barabara kuu iliyo mbele ya jumba inastahili kutazamwa. Mwaka 1954 nyambizi iliburutwa kwa maji kutoka Portsmouth, New Hampshire, kupitia mto St. Lawrence na Maziwa Makuu mpaka Chicago, ikapandishwa ufukweni, na usiku mmoja wa Septemba barabara ikafungwa ili chuma chote hicho kivushwe upande wa pili. Wananchi wa Chicago walikuwa wamechanga fedha za kazi hiyo. Leo barabara hiyo inaitwa DuSable Lake Shore Drive, kwa heshima ya Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi anayetambuliwa kuwa mwanzilishi wa mji.

Mavazi na mwili

Vaa viatu bapa visivyoteleza. Mkoba mkubwa mgongoni ni usumbufu, na koti zito la Januari pia. Kama kuna mahali pa kuviacha, viache. Buibui au kanzu havizuii kuingia, ila vikusanye vizuri unapopita kwenye milango ya mviringo yenye vizingiti virefu, maana hapo unainama na kuinua mguu kwa wakati mmoja.

Huhitaji kupanda ngazi za kusimama kama mabaharia walivyofanya. Milango ilikatwa ubavuni mwa nyambizi ili wageni waingie na kutoka kwa miguu. Hata hivyo, njia ya ndani ni kama ya katikati ya daladala saa za jioni: bega lako litagusa kitu kila upande. Mwenye hofu ya mahali pembamba asijilazimishe. Ukumbi peke yake una mengi ya kutosha. Anayetumia kiti cha magurudumu atafika ukumbini kwa lifti na kuizunguka nyambizi, lakini milango ya ndani haimruhusu.

Ukumbini: usiharakishe

Nyambizi ilikaa nje kwa nusu karne, ikipigwa na theluji na jua, mpaka ilipoanza kuliwa na kutu. Mwaka 2004 ilihamishiwa kwenye shimo kubwa lililochimbwa kwa ajili yake, kisha paa likajengwa juu. Kwa hiyo unashuka chini ya ardhi. Njiani utapita kwenye picha na filamu za habari za enzi ile. Simama uzisome, hasa zinazoeleza vita vya Atlantiki, kwa sababu zinajibu swali ambalo wageni huuliza mno baadaye: kwa nini meli za mizigo ziliwindwa hivyo? Uingereza ilikuwa ikiishi kwa chakula, mafuta na silaha zinazopita baharini; Ujerumani ilitaka kuukata mshipa huo.

Halafu unakunja kona, na omo, yaani sehemu ya mbele ya nyambizi, iko mbele yako. Simama. Waache watoto wapige kelele zao za mshangao, wana haki.

Sasa shuka uizunguke polepole. Kuna mahali pawili pa kukaa sana.

Pa kwanza ni nyuma, kwenye usukani na panga zake mbili zinazokisukuma chombo majini. Siku ile ya kutekwa, manowari Chatelain ya kikosi cha Gallery ilidondosha mabomu ya kina, yale yanayolipuka chini ya maji, na mlipuko ukaukwamisha usukani ukiwa umepinda kulia. Nahodha Harald Lange akaamini chombo chake kinakufa. Akaamuru kipande juu na watu wakiache. Mabaharia waliruka majini huku injini zikiendelea, na nyambizi tupu ikabaki inazunguka duara bila mtu. Mashua ndogo kutoka manowari Pillsbury ilibidi iifukuze ndani ya duara hilo mpaka ikaifikia.

Baadaye, wakati inaburutwa, ilihitajika nguvu ya umeme kuendesha pampu, na Wamarekani hawakujua kuziendesha zile injini za Kijerumani. Fundi mkuu wao, Earl Trosino, akazitenga injini za dizeli na mhimili wa panga, akaomba nyambizi ivutwe kwa kasi zaidi. Maji yakazizungusha panga, panga zikazungusha mota za umeme, mota zikageuka jenereta, na betri zikajaa. Simama mbele ya panga hizo ufikirie akili ya mtu aliyewaza hilo katikati ya bahari, ndani ya chombo cha kigeni kinachovuja.

Pa pili ni kwenye mashine za Enigma, ambazo Wajerumani walizitumia kuficha ujumbe wao wa siri. Zilipatikana mbili ndani ya U-505, pamoja na vitabu vya siri na karatasi zenye uzito wa takriban kilo 400. Mashine hii ilionekana kama taipureta. Ukibonyeza herufi, umeme unapita kwenye magurudumu yanayozunguka na herufi nyingine kabisa inawaka. Anayepokea lazima ajue magurudumu yamepangwaje siku hiyo, na mpangilio huo ulikuwa kwenye vitabu. Ndiyo maana vitabu vilikuwa na thamani kuliko chombo chenyewe. Pana sehemu ya kujaribu kufumbua ujumbe kwa mikono yako, ijaribu.

Hapo pia ndipo utaelewa usiri uliofuata. Wajerumani wangejua nyambizi imetekwa mzima, wangebadilisha kila kitu. Mabaharia wapatao 3,000 wa kikosi cha Gallery waliapishwa kunyamaza, na walinyamaza. Mateka walifichwa kambi ya Ruston, Louisiana, bila Msalaba Mwekundu kuruhusiwa kuwaona, na kwao familia zikaambiwa wamekufa. Hili la familia linanigusa kila ninapolifikiria: mama anamwomboleza mwanawe ambaye yuko hai Louisiana.

Kuna uzi mwingine wa Enigma unaofika mpaka kwetu. Manowari ya Uingereza HMS Petard iliinasa nyambizi U-559 katika Mediterania tarehe 30 Oktoba 1942. Tony Fasson na Colin Grazier walitoa vitabu vya siri kutoka ndani yake, kisha wakazama nayo. Manowari hiyohiyo ya Petard, pamoja na Paladin, ndiyo iliyoizamisha I-27 siku ile ile ilipoiua Khedive Ismail.

Ndani ya nyambizi

Mwongozaji atawapanga na kuwapa maelekezo. Kaa mbele au karibu naye, kwa sababu katika njia nyembamba aliye nyuma husikia nusu tu. Uliza mwanzoni kama picha zinaruhusiwa. Mara nyingine taa hufifishwa na sauti za milipuko kuwekwa. Mwandae mtoto mdogo mapema.

Haya ndiyo ya kutazama, na sikufuati mpangilio wa ziara kwa kuwa waongozaji hutofautiana.

*Vyumba vya torpedo.* Vitanda vimebanwa juu na kando ya torpedo. Vijana walilala na silaha hizo, na kitanda kimoja kilitumiwa kwa zamu na zaidi ya mtu mmoja: anayeamka anampisha anayetoka kazini, godoro likiwa bado na joto. Chombo cha aina hii kilibeba torpedo 22 mwanzoni mwa safari, kwa hiyo nafasi ya kunyoosha miguu ilipatikana tu kadiri zilivyorushwa.

*Jiko na vyoo.* Jiko ni la mtu mmoja kusimama, na lililisha zaidi ya watu hamsini kwa miezi. Vyoo vilikuwa viwili, na mwanzo wa safari kimoja kilijazwa vyakula. Hesabu mwenyewe. Watu hawakuoga, maji matamu yalikuwa ya kunywa na kupikia.

*Pembe ya nahodha.* Usitafute chumba. Nahodha alikuwa na kitanda, meza ya kukunja na pazia, na mkabala wake walikaa watu wa redio na wa kusikiliza sauti za majini, ili aamshwe kwa neno moja. Pazia lile ndilo faragha kubwa kuliko zote ndani ya U-505.

*Chumba cha amri.* Hapa omba mwongozaji asikimbie. Magurudumu ya valvu unayoyaona ndiyo yaliyoingiza na kutoa maji kwenye matangi ili chombo kizame au kipande. Mahali hapa tarehe 24 Oktoba 1943, katikati ya mvua ya mabomu ya kina, nahodha wa kabla ya Lange, Peter Zschech, alijiua. Ofisa aliyemfuata, Paul Meyer, alichukua amri na kuwarudisha watu wote salama bandarini Lorient. Nyambizi ilikuwa imeandamwa na mikosi: mwaka uliotangulia iliharibiwa vibaya na ndege karibu na Trinidad, na ilipokuwa ikitengenezwa Ufaransa, mafundi wa Kifaransa waliihujumu kwa siri tena na tena. Safari moja iligundulika tundu dogo kama la penseli limetobolewa kwenye tangi la mafuta. Nahodha kijana aliyekuwa akirudishwa nyuma kila anapotoka alibeba hayo yote.

Chumba hichohicho ndicho walichoshukia Luteni Albert David na wenzake Knispel na Wdowiak siku ya kutekwa. Hawakujua kama kuna Mjerumani amebaki na bunduki, wala kama mabomu ya kujilipua yamekwisha tegwa. Maji yalikuwa yakiingia kwa nguvu kwenye tundu ambalo Wajerumani walikuwa wamelifungua ili chombo kizame. Zenon Lukosius, kijana wa hapahapa Chicago, alikiona kifuniko chake, akakirudisha mahali pake na kukikaza. Kwa kitendo hicho nyambizi ilibaki juu ya maji. David alitunukiwa Medali ya Heshima, nishani kuu ya Marekani, lakini alifariki Septemba 1945 kabla ya kuvishwa.

*Injini.* Dizeli mbili ndefu zinazokubana pande zote mbili. Zilifanya kazi chombo kikiwa juu tu, kwa sababu zinahitaji hewa. Chini ya maji ni mota za umeme na betri: kwa mwendo wa taratibu wa noti 4 (maili nne za baharini kwa saa) iliweza kwenda maili 63 za baharini hivi, kisha lazima ipande kuchaji. Ukishalijua hilo utaelewa kwa nini ndege za doria zilikuwa adui mkubwa wa nyambizi.

Swali zuri la kumuuliza mwongozaji ni kifaa kipi ni cha asili na kipi kililetwa baadaye. Vitu vingi viling'olewa wakati nyambizi imelala Portsmouth, na makumbusho ilipoyaandikia makampuni ya Ujerumani yaliyovitengeneza, yalitoa vipuri bure. Ni jambo la kutafakari, miaka michache tu baada ya vita.

Ukitoka

Usiondoke mara moja. Rudi kwenye mnara wa nyambizi uangalie alama za risasi kwenye chuma chake. Sasa utajua zilitoka wapi, kwani ndege na manowari zote zilikuwa zikifyatua mabaharia wakiruka majini. Walio na watoto wape dakika za kujilaza kwenye vitanda vya mfano na kuchezea kifaa cha kujifunzia kuzamisha chombo. Kisha kaeni mle. Jumba lina sehemu za kula, na watoto watataka kuuliza.

Ukitaka nyingine

Ukivutiwa, Ziwa Michigan lina nyambizi mbili za Marekani za vita vilevile zinazoelea majini: USS Silversides iliyoko Muskegon, Michigan, na USS Cobia iliyoko Manitowoc, Wisconsin, mji uliojenga nyambizi 28 wakati wa vita. Zina urefu wa mita 95, na utashangaa jinsi mabaharia wa Kimarekani walivyokuwa na nafasi zaidi. Aliyeko Ulaya aende Laboe, kaskazini mwa Ujerumani, iliko U-995 juu ya mchanga wa ufukweni. Hiyo ni ya aina ya VII, ndogo kuliko U-505, na ndiyo pekee ya aina yake iliyobaki. Kwenye Cobia makundi hukubaliwa kulala usiku kucha katika vitanda vya mabaharia. Nafasi huwekwa mapema, na kabla ya kusafiri hakikisha chombo hakijapelekwa chelezoni kwa matengenezo.